Kiungo Baridi Kisichokuwa Baridi: Historia ya Jozijoto na Istilahi Zake

UTANGULIZI

Madhumuni ya makala haya ni kueleza historia ya chombo kimoja cha kupimia halijoto, na kwa njia ya historia hiyo kupendekeza namna ya kuyataja kwa Kiswahili mambo yanayoambatana nacho. Chombo chenyewe ni waya mbili za metali mbalimbali zilizounganishwa ncha kwa ncha. Hakina zebaki wala kioo, nacho hupima joto la matanuri ambamo kipimajoto cha zebaki kingepasuka mara moja. Katika makala haya tutakiita jozijoto. Sababu za kuchagua jina hilo zitaelezwa mahali pake.

Wafasiri wengi wa vitabu vya mafundi hukutana na chombo hiki pamoja na maneno ya Kiingereza ambayo, yakitafsiriwa neno kwa neno, hutupatia “kiungo baridi” na “fidia ya kiungo baridi”. Tafsiri hiyo haina kosa la sarufi, na kila neno lililomo humo linapatikana katika kamusi. Hata hivyo inapotosha, kwa kuwa kiungo kinachotajwa mara nyingi si baridi hata kidogo, na fundi anayeliamini neno hilo atapata namba zisizo za kweli. Hoja yetu ni kwamba mfasiri hawezi kuitafsiri istilahi ya namna hii kwa kuitazama tu; hana budi kuijua historia iliyoizaa.

Mifano yetu tutaichota zaidi katika Mkoa wa Songwe. Tunduma ni mlango wa shaba. Tangu reli ya TAZARA ilipokabidhiwa rasmi mwaka 1976, na hata kabla ya hapo kwa barabara, shaba ya Zambia imekuwa ikipita hapo kwenda bandari ya Dar es Salaam, na shaba hiyo imetoka katika matanuri ambayo joto lake halipimiki kwa mkono wala kwa macho. Aidha jina la Songwe lenyewe lina funzo. Ipo mito miwili iitwayo Songwe: mmoja humwaga maji katika Ziwa Rukwa, na wa pili ni mpaka wetu na Malawi unaoingia Ziwa Nyasa. Upo mkoa uliozaliwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya. Lakini kiwanda cha saruji cha Songwe na uwanja wa ndege wa Songwe vimebaki upande wa Mbeya. Mtu akisema “natoka Songwe” na kunyamaza, amesema neno sahihi, ila msikilizaji hajajua alikotoka. Neno hilo linahitaji kitu cha kulirejelea. Tutaona kwamba jozijoto nayo husema kwa namna hiyohiyo.

KABLA YA JOZIJOTO

Kiswahili hakikuwa maskini wa maneno ya joto. Tunayo hari, fukuto, vuguvugu na moto, na kila mzungumzaji anajua kwamba maji ya vuguvugu si maji ya moto. Maneno haya hupanga joto kwa daraja, lakini hayalihesabu. Ndivyo ilivyokuwa pia katika kazi. Wanyiha wa Mbozi, kama majirani zao Wafipa, walikuwa wakiyeyusha mawe ya chuma katika matanuri ya udongo miaka mingi kabla ya chuma cha viwandani kuenea nchini. Wafipa waliliita tanuri kubwa ilungu, na tanuri dogo la kusafishia chuma wakaliita kintengwe. Kazi hiyo hudai joto linalozidi nyuzi 1,100 za Selsiasi. Walilifikia joto hilo pasipo kipimajoto, na kila waliporudia kazi walilifikia tena. Maarifa hayo yalikuwa ya kweli, ila yalikaa katika macho ya mhunzi na hayakuweza kuandikwa katika barua na kupelekwa kwa mhunzi mwingine.

Ulaya nayo ilikuwa na shida hiyohiyo. Mwaka 1782 Josiah Wedgwood, mfinyanzi mashuhuri wa Uingereza, alitangaza kipimo chake cha joto la matanuri. Alitumia vipande vya udongo vinavyonywea vikiingia motoni, naye akahesabu joto kwa kiasi cha kunywea. Kipimo kilimfaa katika kiwanda chake, maana kililinganisha tanuri la leo na tanuri la jana. Lakini alipojaribu kukiunganisha na nyuzi za kipimajoto cha kawaida alipotea njia: kwa hesabu yake shaba huyeyuka kwenye joto linalozidi mara mbili lile la kweli. Leo tunajua kwamba shaba safi huganda, na huyeyuka, kwenye nyuzi 1,084.62. Wedgwood alikuwa na kipimo kizuri cha kulinganisha, lakini hakuwa na msingi wa uhakika wa kuanzia kuhesabu. Tofauti hiyo, baina ya kulinganisha na kuhesabu kutoka kwenye msingi, ndiyo kiini cha makala haya.

UGUNDUZI WA SEEBECK NA JINA LILILOKATALIWA

Mwaka 1821 mjini Berlin, Thomas Johann Seebeck, mtaalamu aliyezaliwa mwaka 1770 katika mji ambao sasa huitwa Tallinn, aliunganisha metali mbili hata zikafanya pete, akakipasha moto kiungo kimoja na kukiacha cha pili. Sindano ya dira iliyowekwa karibu na pete ikageuka. Miongoni mwa metali alizozitumia ilikuwamo shaba.

Seebeck aliamini kwamba joto limezaa usumaku katika metali, na hivyo ndivyo alivyoliita jambo lenyewe. Hans Christian Ørsted wa Denmark, ambaye mwaka 1820 alikuwa amegundua kwamba mkondo wa umeme huigeuza sindano ya dira, alieleza kwamba kilichozaliwa ni umeme, na sindano ilikuwa shahidi tu. Akapendekeza jina lenye maana ya umeme utokanao na joto. Seebeck hakulikubali, lakini jina la Ørsted ndilo lililodumu.

Kwa mtu wa istilahi tukio hili lina mafunzo mawili. Kwanza, mgunduzi wa jambo si lazima awe mwasisi mwema wa jina lake. Pili, jina linaloshika sababu isiyo ya kweli huwapotosha wanafunzi kizazi baada ya kizazi. Kama lingedumu jina la Seebeck, huenda leo tungefundisha “sumakujoto” na kutumia nusu ya kipindi kuwaeleza wanafunzi kwamba sumaku haihusiki.

JOZIJOTO HUPIMA NINI?

Hapa hatuna budi kuingia kidogo katika fizikia, maana bila hivyo hoja ya istilahi haitaeleweka. Kila waya wa metali ambao ncha yake moja ina joto kuliko nyingine huwa na msukumo mdogo wa umeme baina ya ncha hizo. Msukumo huo huzaliwa katika urefu wa waya, pale joto linapobadilika, na si katika kiungo chenyewe kama vitabu vingi vya zamani vilivyodokeza. Waya mbili zikiwa za metali moja, misukumo yake huwa sawa na hufutana. Zikiwa za metali mbalimbali haifutani kabisa, na baki lake ndilo volti tunayoisoma. Baki hilo ni dogo sana: kwa jozi ya aloi za nikeli inayotumika zaidi viwandani, iitwayo aina ya K, ni kiasi cha milivolti moja kwa kila nyuzi 25.

Jambo la kushika ni hili: volti hiyo hutegemea halijoto za mahali pawili, yaani pale waya zinapounganishwa ndani ya tanuri, na pale zinapofika kwenye chombo cha kusomea. Jozijoto haitupi halijoto ya tanuri. Hutueleza tanuri limezidi chombo kwa kiasi gani. Ni sawa na kumwambia mtu kwamba kutoka mwambao wa Ziwa Rukwa hadi Tunduma amepanda mita kadhaa. Hawezi kujua Tunduma ipo juu ya bahari kwa kiasi gani mpaka kwanza ajue kimo cha ziwa. Kipimo chake cha mpando ni sahihi, lakini kinangoja namba ya pili.

BAREDI ILIKOTOKA: HISTORIA YA BARAFU

Namba hiyo ya pili wataalamu wa karne ya 19 waliipata kwa barafu. Walikichovya kiungo cha pili katika chombo chenye barafu inayoyeyuka pamoja na maji, nacho kikakaa kwenye nyuzi sifuri muda wote wa kazi. Hapo ndipo jina la “kiungo baridi” lilipozaliwa, na wakati huo lilikuwa jina la haki kabisa: kiungo kimoja kilikuwa motoni, cha pili barafuni.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini walichagua barafu na si maji yanayochemka, ambayo nayo ni rahisi kuyapata. Jibu linaonekana vizuri Tunduma. Mji huo upo zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na kwa sababu ya uhafifu wa hewa ya huko maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, wala hayafiki 100. Mwalimu wa Tunduma anayewaambia wanafunzi wake kwamba maji yanayochemka mbele yao yana nyuzi 100 anawafundisha habari ya Dar es Salaam. Barafu haina tabia hiyo. Huyeyuka kwenye nyuzi sifuri Tunduma, Tanga na Berlin, kwa tofauti ndogo mno isiyoweza kuonekana katika kazi za kawaida. Barafu ilichaguliwa kwa uaminifu wake, na ubaridi wake ulikuwa sadfa tu. Laiti wangepata kitu chenye uaminifu huo kwenye nyuzi 60, wangekitumia, na jina la “baridi” lisingezaliwa.

Jozijoto lilipata heshima kamili kwa kazi ya Mfaransa Henry Le Chatelier. Kabla yake watu walipata majibu yasiyopatana, kwa kuwa waya zao hazikuwa safi wala hazikufanana. Mwaka 1886 Le Chatelier alitumia waya wa platini upande mmoja, na upande wa pili aloi ya platini yenye asilimia 10 ya rodi. Jozi hiyo, ambayo leo huitwa aina ya S, ilikuwa imara kiasi kwamba kuanzia mwaka 1927 ilikuwa chombo rasmi cha kipimo cha kimataifa cha halijoto kwa sehemu ya joto la juu, mpaka ilipoondolewa katika nafasi hiyo na kipimo kipya cha mwaka 1990. Kwa sadfa, mwaka huohuo wa 1990 ndipo Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipotoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia.

Majedwali ya volti yaliyoandaliwa tangu zamani, na hata yanayotumika leo, yote huchukulia kwamba kiungo cha pili kipo kwenye nyuzi sifuri. Barafu imeondoka karakanani, lakini imebaki ndani ya jedwali.

KUTOKA BARAFU HADI FIDIA

Kiwandani hakuna mtu wa kukaa akiongeza barafu usiku na mchana. Kwa hiyo mafundi waliacha kiungo cha pili kikae katika joto la chumba, kisha wakatafuta njia ya kurudisha kilichopungua. Mwanzoni fundi aliusogeza mshale wa mita kwa mkono, kulingana na kipimajoto cha ukutani. Baadaye zikaja springi za metali mbili zinazousogeza mshale zenyewe, kisha saketi zenye waya ambao ukinzani wake hubadilika na joto la chumba. Na katika miaka ya 1980 zikapatikana chipu za elektroniki zinazofanya kazi yote katika kipande kidogo kuliko ukucha. Njia zimebadilika, lakini shabaha ni ileile: kujua halijoto ya kiungo cha pili na kuiingiza katika hesabu.

Tuone hesabu yenyewe. Katika bonde la Songwe zipo chemchemi za maji moto ambazo zimechunguzwa kwa ajili ya nishati ya jotoardhi. Tuseme fundi anaingiza jozijoto la aina ya K katika maji yenye nyuzi 80, na mita yake imekaa kivulini kwenye nyuzi 30. Jedwali linasema nyuzi 80 ni milivolti 3.267, na nyuzi 30 ni milivolti 1.203. Mita itaona tofauti tu, yaani milivolti 2.064. Fundi akiipeleka namba hiyo moja kwa moja katika jedwali, atasoma nyuzi 51. Chemchemi inayoweza kumbabua mtu itaandikwa katika taarifa kuwa ni maji ya kuoga.

Mtu atasema: basi aongeze nyuzi 30. Hapa ataandika 81, na kosa ni dogo. Lakini tumpeleke mtu huyohuyo kwenye tanuri la nyuzi 1,400 lenye jozijoto la aina ya S, na mita yake kwenye nyuzi 30 vilevile. Jedwali linatoa milivolti 14.373 kwa nyuzi 1,400, na milivolti 0.173 kwa nyuzi 30. Mita itaona 14.200, ambayo katika jedwali ni nyuzi 1,386 hivi. Akiongeza 30 atapata 1,416, naye amezidisha kwa nyuzi 16. Sababu ni kwamba milivolti moja ya aina ya S haina thamani ileile ya nyuzi kwenye joto dogo na kwenye joto kubwa. Njia sahihi ni kuigeuza kwanza halijoto ya kiungo cha pili kuwa milivolti, kuijumlisha na milivolti zilizosomwa, ndipo jumla irudishwe katika jedwali. Kinachofidiwa ni volti, si nyuzi.

Kosa la pili ambalo jina la “baridi” hulileta linahusu mahali. Fundi aliyeambiwa kwamba kiungo baridi kipo kwenye mita, akaishiwa na waya wa jozijoto na kuunga waya wa shaba karibu na tanuri, amekihamisha kiungo hicho bila kujua. Sasa kipo ubavuni mwa tanuri, penye nyuzi 60 au zaidi, huku fidia ikiendelea kufanywa kwa joto la chumba cha mita. Ndiyo maana waya wa kurefushia hauna budi kuwa wa metali zilezile, au za aloi zinazotoa volti sawa nazo. Na kama chombo hakina fidia ya kujirekebisha, bali kimewekwa kwa mkono kwenye nyuzi 25, basi asubuhi ya Julai katika nyanda za Mbozi na mchana wa Oktoba vitatoa majibu mawili kwa tanuri moja lisilobadilika.

MANENO MAWILI YA “HALIJOTO KAMILI”

Ipo istilahi nyingine inayowasumbua wafasiri katika uwanja huu. Vitabu vya Kiingereza hutumia neno moja kwa mambo mawili, nasi tukilifuata tutayachanganya.

Jambo la kwanza ni halijoto inayohesabiwa kutoka chini kabisa, pale ambapo haiwezekani kupoza zaidi. William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alipendekeza kipimo cha namna hiyo mwaka 1848, kisichotegemea zebaki, hewa wala kitu chochote maalumu. Sifuri yake ipo nyuzi 273.15 chini ya sifuri ya Selsiasi. Mwaka 1954 kipimo hicho kilifungwa kwenye nukta ya maji ambapo barafu, maji na mvuke hukaa pamoja, ikapewa namba 273.16. Mwaka 1967, mwaka uleule Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya Bunge, mkutano mkuu wa kimataifa wa vipimo uliamua kwamba kizio hicho kiitwe kelvini tu, pasipo neno digrii mbele yake. Hivyo kusema “digrii 300 za Kelvini” ni kuendeleza matumizi yaliyoachwa. Yatosha kusema “kelvini 300”. Tangu tarehe 20 Mei 2019 kelvini haifungwi tena kwenye maji, bali kwenye namba moja ya kudumu ya fizikia, iitwayo namba ya Boltzmann.

Jambo la pili ni la mafundi. Wao wakitaja neno hilohilo mara nyingi hawana habari na Lord Kelvin. Wanamaanisha halijoto ya mahali penyewe, kinyume cha tofauti ya halijoto baina ya mahali pawili. Mtu anayepima kwa jozijoto na kutumia fidia anatafuta halijoto kwa maana hii ya pili, hata kama jibu lake ataliandika kwa nyuzi za Selsiasi. Mfasiri anayeandika “halijoto kamili” hapo atamfanya msomaji aongeze 273 bila sababu. Kiswahili kinaweza kuyatenga mambo haya kwa urahisi kuliko Kiingereza, nasi tusikinyime nafasi hiyo.

MAPENDEKEZO

Katika kuunda istilahi, mapokeo yetu ni kuanza na utajiri wa Kiswahili chenyewe, kisha lugha nyingine za Kibantu, ndipo tukope nje. Lakini neno la kawaida likiingizwa katika sayansi hudai ulinzi. Mfano upo Mbozi. Kimondo kilichopo Ndolezi, bonge la chuma na nikeli linalokadiriwa kuwa na tani 16, kilipata jina lake bila kamati yoyote. Wananchi walilichukua neno la mwanga upitao angani usiku wakalipa jiwe lililobaki ardhini. Ni neno zuri na litadumu. Hata hivyo mwalimu wa elimu ya anga hulazimika kueleza kila mara kama anazungumzia mwanga au jiwe. Vivyo hivyo “joto” katika mazungumzo hubeba maana mbili, nishati na kiwango chake, mpaka wanaistilahi walipounganisha hali na joto wakapata “halijoto”. Kwa kuzingatia hayo tunapendekeza yafuatayo.

Jozijoto: waya mbili za metali mbalimbali zilizounganishwa kwa ajili ya kupimia halijoto. Muundo wake ni ule wa jotoardhi, neno ambalo limekwisha kubalika hata likaingia katika jina la Kampuni ya Uendelezaji wa Jotoardhi Tanzania iliyoanzishwa mwaka 2013. Aidha linamkumbusha msomaji kwamba pamoja na jozi ya metali ipo pia jozi ya halijoto. Neno la kukopa lingetamkika, lakini lisingemfundisha mtu kitu.

Kiungo cha kupimia: kiungo kinachowekwa mahali panapotakiwa kupimwa. “Kiungo moto” hakifai, kwa kuwa jozijoto hutumika pia katika majokofu na magari ya kubebea samaki, ambako kiungo hicho ndicho chenye baridi kuliko chote.

Kiungo cha rejea: mahali ambapo waya za jozijoto zinaishia na kukutana na waya za mita. Neno rejea linafahamika kwa walimu na maktaba zote. Halidai kiungo kiwe baridi wala moto. Linadai tu kwamba halijoto yake ijulikane. Neno “makutano” tumelifikiria na kuliacha, kwa kuwa limekwisha kushikwa na barabara, kama yale makutano ya njia ya Sumbawanga na barabara kuu pale Tunduma.

Fidia ya rejea: kujumlisha volti inayolingana na halijoto ya kiungo cha rejea ili jedwali la nyuzi sifuri liweze kutumika. Neno fidia lina upinzani wa haki, kwani kwa watumishi wa serikali fidia ni fedha ya shamba au ya ajali. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na mahakama, na si ajabu taarifa ya fundi ikasomwa mbele ya hakimu. Hata hivyo wazo la msingi ni moja: kumrudishia mtu kilichopotea kwa thamani yake, wala si zaidi. Tunashauri tu kwamba neno hilo lisiachwe peke yake, bali liandamane na rejea daima.

Halijoto ya mahali: halijoto ya kitu au sehemu yenyewe, kinyume cha tofauti ya halijoto. Halijoto kamili: ile inayohesabiwa kwa kelvini kutoka sifuri kamili. Neno “halisi” tumeliepuka, kwa kuwa lingemfanya msomaji adhani kwamba nyuzi za Selsiasi ni za uongo.

HITIMISHO

Tumeona kwamba jina la “kiungo baridi” halikutungwa kwa uzembe. Lilieleza kwa usahihi kazi ya watu waliokuwa na barafu mezani. Barafu ikaondoka, jina likabaki, na wenye lugha hiyo wakalizoea hata hawasikii tena maana yake. Sisi tunaolipokea leo hatuna mazoea hayo ya kutukinga. Tukisoma “baridi” tunasikia baridi. Kwa hiyo mfasiri wa Kiswahili anapaswa kutafsiri kazi ya kiungo, na si hali ya hewa ya maabara ya karne ya 19.

Mapendekezo haya bado ni mapendekezo. Walimu wa fizikia na wa vyuo vya ufundi wanaweza kuyajaribu darasani kabla hayajafikishwa mbele ya kamati. Wampe mwanafunzi jozijoto, jedwali na kipimajoto cha chumba, kisha wamwombe aeleze kwa maneno yake mwenyewe kwa nini namba aliyoisoma bado haijawa halijoto ya maji yaliyo mbele yake. Istilahi itakayomwezesha kueleza hivyo bila kukwama ndiyo inayostahili kusanifiwa, hata kama si mojawapo ya hizi.